Kwa Nani Huko Wundanyi?

Jumamosi, 5 Oktoba 1996

Nimenunua begi. Begi la mgongoni, kubwa, la kijani, lenye mkanda wa kiunoni na mwingine wa kifuani. Lilikuwa chini ya lundo la makoti ya mitumba pale sokoni Lubao na muuzaji mwenyewe hakujua ni la nini. Alidhani ni la kubebea mtoto! Mfuko wa pembeni ulikuwa na mchanga kidogo, mweupe kabisa. Nimeumwaga kwenye sahani nikakaa nikiutazama kama mtu asiye na kazi.

Basi nimeamua. Desemba, chuo kikifungwa, nitaenda. Voi kwanza. Halafu milima ya Taita kwa miguu, siku nne. Halafu Kilifi, baharini, siku tano. Peke yangu. Miaka kumi na minne nimepiga chapa mitihani ya chuo cha Bukura, nina miaka thelathini na saba, na bahari sijaiona hata siku moja. Likizo zangu zote najua zilikokwenda: mazishi, palizi ya miwa ya kaka yangu Shikanga, macho ya Mama, mazishi tena. Hakuna hata moja iliyokuwa yangu.

Sijamwambia mtu. Niliporudi kwangu Shieywe leo nilifungua mlango, nikaweka begi kitini, nikasema kwa sauti: haya, tumefika. Ndipo nikatoka tena nikaenda kununua daftari hili.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemuuliza Athman habari za Voi. Athman ni dereva wa chuo, mtu wa Mumias, barabara zote anazijua kama viganja vyake. Nilijifanya nauliza tu. Hakudanganyika. Akaniuliza utalala wapi, utakula nini, maji utapata wapi. Nilifurahi — ni mtu wa kwanza kuniuliza maswali ya maana. Anasema huko Taita kuna baridi kuliko hapa, nisidhani pwani yote ni joto. Kutoka Voi napanda gari hadi Wundanyi, na kutoka pale ni miguu. Mlima mkubwa unaitwa Vuria.

Vuria. Nimeliandika pembeni ya mtihani wa mifugo nikasahau kulifuta.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikukuu. Mazoezi ya kwanza! Nilitia mahindi kilo kumi na tano ndani ya begi, nikafunga mikanda yote, nikashika njia ya Lubao kwa miguu.

Sikuwahi kujua watu wanaweza kumjali mtu hivi. Unahama? Gari limekuharibikia? Mahindi unapeleka posho mill gani, mbona umepita tatu? Mzee mmoja wa baiskeli alisimama akasisitiza kunibebea bure. Nikamwambia natembea tu. Akanitazama, akashuka, akatembea nami kimya karibu nusu maili akisukuma baiskeli, nadhani aliogopa kuniacha peke yangu katika hali ile.

Miguu inauma. Nimeikanda mwenyewe kwa maji ya chumvi. Mtu ukiishi peke yako mgongo ndio huufikii.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimemwambia Mama. Afadhali ningenyamaza.

Alikuwa anapepeta maharagwe uani. Nikasema Desemba naenda Taita. Akauliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Basi nani anaolewa? Hakuna. Akaweka ungo chini.

— Sasa unaenda kwa nani?

Nikasema naenda kutembea tu, Mama, kuona milima na bahari.

— Mlima si iko hapa Maragoli? Mtu haendangi mahali hana mtu, Edah. Utafika, utabisha kwa nani?

Kaka yangu Shikanga alikuwa mlangoni. Akacheka, akasema watu watasema nimerukwa na akili au nina mume wa mtu. Hilo sikulijali. Lakini mkewe, Nafula, hakucheka. Alinitazama kwa huruma. Akaniambia polepole: mulamwa, wifi yangu, si uje tu Krismasi hapa na watoto, usikae na mawazo.

Huruma ile ndiyo iliyoniponza. Nikasikia mdomo wangu unasema kuna mtu! Kuna rafiki yangu, tulisoma naye ukarani Kisumu, ameolewa kwao Wundanyi. Anaitwa Wakesho.

Sijui jina lilitoka wapi. Nadhani ni la mwanafunzi fulani wa zamani katika orodha ya mitihani. Nilikuwa na akili ya kumfanya Mtaita, kwa sababu ningesema ni Mluhya Mama angeuliza ukoo, na kabla ya Jumapili ijayo angekuwa amempata nyanya yake. Na uso wa Mama! Ulifunguka. — Ah, kumbe uko na mtu. Akaokota ungo akaendelea kupepeta.

Njia ya mwongo ni fupi. Lakini hii yangu si lazima ifike mbali. Ni mpaka Desemba tu.

Jumatano, 30 Oktoba

Mitihani. Nimepiga chapa mpaka vidole vimekufa ganzi. Hakuna jipya. Nilikula ugali na mayai nikisoma ramani aliyoniletea Athman. Mistari ya mlima inabanana pale Vuria, ndiyo kusema ni mkali.

Jumapili, 3 Novemba

Shikanga alikuja leo hapa Shieywe, na yeye hajawahi kuja bila shida. Amevaa tai. Nikajua.

Ameamua kwamba niende na Rachael, bintiye mkubwa, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana na yuko nyumbani tu. Kwanza, mwanamke hasafiri peke yake. Pili, huyo Wakesho hakosi kujua watu wa mahoteli huko pwani, amtafutie mtoto kazi. Tatu, wameshamwambia Rachael, na Rachael ameshasukwa nywele.

Maskini Rachael. Anapenda kuniita senge, shangazi kwa lugha yetu, kwa heshima, na ni mtoto mzuri. Ningeweza kumchukua. Lakini safari ya watu wawili ni safari nyingine! Nitakuwa senge kutoka stendi mpaka baharini: umekula, umelala, nani huyo anakuongelesha. Mimi nimechoka kuwa senge. Nataka kuwa mtu anayepanda mlima.

Nikasema haiwezekani, nyumba ya Wakesho imejaa. Imejaa na nani? Nikasema — Mungu anisamehe — Wakesho amejifungua juzi, mama mkwe yuko hapo, dada zake wako hapo. Shikanga akakubali mara moja. Nyumba ya aliyejifungua, mwanamume habishani nayo. Akanywa chai akaondoka.

Nilijisifu. Mjinga mimi.

Jumapili, 10 Novemba

Nilipaswa kujua. Mtu wa kwetu akisikia mtoto amezaliwa!

Nimefika kwa Mama nikakuta ameshatenga kuku. Si kuku hivi hivi — mtetea wake mwekundu, yule anayetaga. Mzazi hatembelewi mikono mitupu, na hasa mzazi wa mbali, atatuonaje sisi? Unga wa wimbi wa uji utasagwa. Nafula anatoa shali. Nikasema Mama, kuku kwenye treni mpaka Voi? Akasema kuku wamepanda treni tangu treni ije.

Halafu akauliza mtoto ni nini. Msichana, nikasema. Anaitwa nani?

Ningeweza kusema jina lolote. Ningesema hawajampa. Lakini Mama alikuwa ananitazama kwa yale macho yake mabovu, ameinamisha kichwa upande ili anione, na mimi nikasema: Edah. Wamempa jina langu.

 Alinishika mkono. Aliushika mpaka uji ukafurika jikoni na hakuna aliyeinuka.

Kwetu mwanamke ambaye hakuolewa na hakuzaa hapewi mtoto wa jina lake. Senge wetu Nekoye, dada yake Baba, alizikwa nyuma kwenye migomba, si mbele ya nyumba, na hakuna mtoto aliyewahi kuitwa Nekoye kwetu tena. Sasa hata kaburi hulioni, Shikanga amepanda miwa mpaka hapo. Hatujawahi kulizungumza hili, mimi na Mama. Hata mara moja. Leo nimejua kwamba yeye amekuwa akiliwaza miaka yote.

Nimerudi nikilia barabarani, na begi la mahindi mgongoni. Kuna aliyeniuliza ni nani amekufa.

Jumatatu, 11 Novemba

Kazini Osiako wa stoo amenipongeza. Eti nimepata wajina pwani! Mama yake ni wa kanisa moja na Mama. Akina mama wa kanisa walitangaziwa jana jioni, wanachanga sabuni na nepi.

Athman alisikia. Alisubiri mpaka Osiako akatoka. Akauliza: huyu Wakesho ndiye wa mara ile uliponiuliza Voi kuna hoteli za bei gani?   Nikamwambia yote, nimesimama pale kando ya mashine ya kuchapia, kama mtoto aliyevunja chungu.

Hakucheka isipokuwa kwa kuku. — Huyo kuku atapanda Vuria? Kisha akasema ana shemeji Voi, Farouk, muuza vipuri, mtu mwema. Atamwandikia barua, nifikie kwake, iwe kweli kwamba nina mtu. Nikamshukuru, nikakataa.

— Kwa nini, dada Edah? Mtu mmoja tu.

Nilishindwa kumweleza. Najaribu hapa. Upweke wa Shieywe naujua: ni wa kuachwa. Watu wote wamekwenda zao, waume, watoto, mimi nimebaki na redio. Nataka angalau mara moja niwe peke yangu kwa sababu nimechagua mwenyewe. Labda ni upweke ule ule. Lakini nataka kuuona nikiwa juu ya kitu kirefu.

Athman alifikiri. Akasema: basi kabla hujaenda mwambie mama yako. Halafu akajirudi: lakini umeshampa huyo wajina, na kumpokonya ni kazi.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimepanda Lirhanda, msituni kule Isecheno. Kilima kidogo, lakini na begi! Nilifika juu nikavua begi. Miti, miti, miti mpaka mwisho wa macho. Hakuna mtu. Nilikaa nikala viazi vitamu baridi na nikajikuta nasema: unaona, Wakesho?

Nimeanza tabia hii. Jikoni pia. Namwambia bei ya nyanya. Namuuliza kama mtoto amelala. Ana sauti nzito kidogo, na ana kijibu cha utani kwa kila kitu. Jana aliniambia nguo ile ya kuogelea niliyonunua mitumba, ya maua, nimeivalia nini mbele ya kioo cha kunyolea, hata goti sioni. Nilicheka peke yangu kwa nguvu mpaka jirani akagonga ukuta.

Nimehesabu marafiki zangu wa kweli, wa kuzungumza nao ukweli. Athman, kidogo, kazini. Na mtu ambaye hayupo.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani kwa Mama. Waliniita mbele. Sabuni vipande sita, nepi kumi na mbili, kofia ya kufuma, mafuta ya mtoto. Wakaniombea njia. Wakamwombea Wakesho maziwa. Wakamwombea Edah mdogo akue, awe kama wajina wake. Mimi nimefumba macho, natamani sakafu inimeze, na hapo hapo — hili naliandika kwa aibu — sehemu yangu moja ilikuwa inaitikia amina kwa moyo wote.

Jumanne, 3 Desemba

Chuo kimefungwa. Athman ameniletea hema kutoka kwa skauti wa mtaani kwake. Nimelisimamisha sebuleni mchana, nimesogeza kochi na meza. Nikaingia, nikafunga zipu. Kuna harufu ya nyasi kavu. Nililala humo saa mbili nzima. Sijui ni lini mara ya mwisho nililala vizuri hivyo.

Kikwazo: hema, jiko dogo la mafuta taa na blanketi vikiingia, begi limejaa. Nepi hazina mahali.

Jumapili, 8 Desemba

Mama ametaka barua. Hajui kuandika, na barua zake zote tangu nikiwa darasa la nne nimeziandika mimi. Za kwa mjomba, za kwa chifu, zote. Leo akanikalisha mezani. — Andika kwa huyo msichana.

Nikashika kalamu. Alisema kwa Kiluhya nami niliandika kwa Kiswahili, kama kawaida yetu. Mwanzo ilikuwa salamu tu, mvua, mahindi, kuku ni wa kutaga usimchinje. Nilidhani tumemaliza.  Akaendelea, na hakuwa ananisemesha mimi tena. Alikuwa amegeukia mlango.

Mwambie, nilikuwa nikiomba Mungu usiku na mchana ampe mtoto wangu mtu. Sikuomba mume tena, umri ulipita, niliomba mtu tu. Mwambie, kaka yake ni mzuri lakini ana nyumba yake. Mimi nikienda, nani atajua kama amekula? Mwambie, umempa jina lake mahali pa kukaa. Sasa nikifa sitageuka kaburini. Mwambie nimemfanya mtoto wangu. Aje siku moja, aone kuku wengine.

Niliandika kila neno. Mkono wangu ni mzuri, watu wote husema. Sikukosea hata mstari. Akasema nisomee. Nikasoma. Mara mbili nilisimama, nikasingizia mafua.

— Weka kwa bahasha. Na umwambie nangoja jibu. Hata fupi. Na picha ya mtoto, kama wako na kamera.

Miaka thelathini na saba, na haya yote hajawahi kuniambia mimi. Amemwambia Wakesho.

Jumatano, 11 Desemba

Nimewaza jibu. Ningeweza kuliandika kule mlimani, kwa mkono mwingine, au kwa mashine. Shali imefika, mtoto anashukuru, anaitwa Edah na analia sana. Mama atasomewa na Rachael. Ni rahisi hivyo. Na mwakani atauliza mtoto ametambaa? Ameota meno? Nitamlea mtoto huyu kwa barua mpaka Mama afe. Kisha nini — nitamuua? Nitamsafirisha?

Na nikisema ukweli: nimemnyang'anya mama mzee usingizi wake kwa ajili ya kilima.

Sikula leo. Niliongea na Wakesho lakini hakunijibu.

Ijumaa, 13 Desemba

Mama amekuja. Mwenyewe! Amesindikizwa na Rachael mpaka stendi, akapanda gari na kuku kwapani, kikapu kichwani. Ati mtu anayekwenda kuona wajina wake haanzii safari kwenye nyumba isiyo na mtu. Ameketi kitandani kwangu, amekagua sufuria zangu moja moja kwa vidole. Hajawahi kulala hapa tangu nipange nyumba hii.

Nilikuwa nimefungasha. Hema ndani, jiko ndani. Aliligusa begi, akauliza vitu vya mtoto viko wapi. Nikasema bado. Akaanza kutoa. Akatoa hema, akalishika, akauliza hii ni nini? Nikasema turubai ya mvua. — Ya nini, na wewe unalala kwa nyumba? Akaliweka chini ya meza, akapanga nepi, shali, sabuni, unga wa wimbi. Polepole, kwa kupapasa, kila kitu kimekunjwa. Alifunga mikanda sawasawa kabisa. Mimi ilinichukua wiki kuijua ile mikanda.

Nilimwacha. Nilikaa nikimtazama. Begi limeondoka mikononi mwangu.

Jumamosi, 14 Desemba

Asubuhi, kumeshapambazuka. Basi la Nairobi, kunakopandwa treni ya Voi, linatoka saa mbili. Athman atatuchukua na pikapu saa moja na nusu.

Hema bado liko chini ya meza. Nalitazama ninapoandika. Siwezi kwenda bila hema, kule hakuna nyumba inayoningoja. Siwezi kulirudisha ndani bila kutoa nepi mbele ya Mama. Hakuna njia ya tatu. Nimelizungusha kichwani usiku kucha.

Nimejaribu tulipokuwa tunakunywa chai. Nikasema Mama, kaa, nina neno. Akasema neno gani la safari tena? Nikasema ni kuhusu Wakesho. Kikombe chake kilisimama hewani. — Mtoto hajambo? Nikasema mtoto... Akangoja. Nilimwona anavyoogopa, midomo imekauka. Nikasema: mtoto hajambo, Mama, lakini keti uniskize. Ndipo kuku akachomoka kwenye kikapu, na yeye akainuka kumfuata, akasema ngoja kwanza nimfunge huyu, nakuja, usisahau neno lako.

Yuko uani sasa. Nasikia kuku anapiga kelele, kisha ametulia. Mama hana haraka. Anaimba, ule wimbo wa kumbembelezea mtoto, na mahali pa kutaja jina la mtoto anasema Edah. Sijui anamwimbia yupi.

Nimelitoa hema chini ya meza. Liko magotini mwangu. Nimefungua mkanda wa kwanza wa begi.

Amemaliza. Nasikia ndala zake.